Mchimba Visima wa Mtaa Wetu

Nilihamia Pioneer, mtaa wa Eldoret, nikiwa mwalimu mchanga, nimetoka Chepsaita na sanduku la mbao na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mahindi, kwa hivyo alikuwa nyumbani siku mbili kwa wiki, wakati mwingine moja. Ploti yetu ilikuwa upande wa juu wa mtaa, na wakati huo mashamba yalikuwa mengi kuliko nyumba. Kabla ya kuinua hata ukuta mmoja tulihitaji choo, na ndiyo sababu mtu wa kwanza niliyemjua Pioneer alikuwa mchimbaji.

Alikuja asubuhi ya Julai, ile baridi ya kwetu ambayo ukifungua mdomo pumzi inatoka kama moshi. Hakuwa mzee bado, ila watu walishamwita Mzee kwa vile alivyozungumza polepole. Alivua buti zake za mpira, akaziacha kando ya lango, akaanza kutembea kwenye nyasi zenye umande bila viatu. Alienda, akarudi, akasimama mahali ambapo mume wangu alikuwa amekwisha kupigilia vijiti.

"Hapa hapana," alisema.

"Kwa nini?" niliuliza.

"Hapa chini kuna mwamba. Nitachimba siku tatu halafu nikuje nikwambie nimeshindwa. Afadhali nikwambie leo."

Mume wangu alicheka, akasema mtu hawezi kuona mwamba kwa nyayo. Mchimbaji hakubishana. Alichukua mtaimbo wake, akaupiga ardhini mara nne, tano, ukagonga jiwe kwa sauti iliyotufikia hadi menoni. Mume wangu akaving'oa vijiti mwenyewe.

Alituchimbia choo nyuma, karibu na ua wa mikaratusi. Kazi ilimchukua wiki nzima. Nikitoka shuleni nilimkuta ameshazama, nikaona tu mkono ukitokea kufunga ndoo kwenye kamba. Kamba yake ilikuwa na mafundo, fundo moja kila futi tatu, na alijua yuko wapi bila kutazama juu. Alipenda kuongea akiwa chini. Sauti yake ilipanda kama inatoka ndani ya mtungi, akiniuliza habari za shule, habari za mvua, kama ni kweli serikali inaleta lami. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikisahihisha madaftari ya darasa la tano, na kumjibu. Mpaka leo, nikisikia harufu ya udongo mbichi, nakumbuka madaftari.

Alichimba karibu mtaa mzima. Vyoo, visima, mashimo ya takataka, hata msingi wa kanisa la mabati lililokuwa karibu na shule. Kisima cha jirani yangu wa chini alikichimba kwa siku ishirini, na siku maji yalipotoka tulikwenda wote kuyaona. Alipandishwa kwa kamba akiwa mwekundu kuanzia nywele hadi miguu. Akanywa kikombe cha kwanza, akatema, akanywa tena, akasema, "Haya. Hii haina chumvi." Wanawake wakapiga vigelegele. Jirani huyo hakuweka kufuli kwenye kisima chake. Jioni tulipanga foleni pale, wenyeji na waliokuja kutafuta kazi, wenye nyumba na wapangaji, na kila mtu alichapia Kiswahili kwa lafudhi ya kwao, na tulichekana bila kuumizana. Ninaukosa mtaa ule. Ninakosa kelele za mitungi.

Yeye naye alinunua ploti, ndogo, upande wa bondeni ambako wengine walikataa kwa sababu ya unyevu. Akajenga nyumba ya mbao ya vyumba viwili, akapanda ndizi. Mkewe alifariki kabla sijamfahamu. Binti yake alikuwa ameolewa Nakuru. Aliishi peke yake pale karibu miaka kumi na tano.

Kisha ikaja Desemba ile ya uchaguzi na vurugu zake.

Sitasema alikuwa wa kabila gani, wala mimi ni wa lipi. Aliyekuwa Eldoret siku hizo anajua nani alitakiwa kuondoka na nani hakuguswa, na mimi nilikuwa wa wale ambao hawakuguswa. Nitasema tu nilichofanya.

Ilikuwa mchana, yapata saa tisa. Mume wangu alikuwa amekwama Malaba na lori kwa sababu barabara zilizibwa kwa mawe na miti. Nilikuwa jikoni na watoto wangu wawili, nimewasha moto wa kuni, nimefunga mlango kwa komeo. Upande wa bondeni kulikuwa na moshi mweusi na makelele ambayo sikutaka kuyasikiliza vizuri. Lango letu liligongwa. Mara tatu, si kwa nguvu.

"Mwalimu," sauti ilisema. "Mwalimu, ni mimi. Nifungulie nipite kwa nyuma."

Nyuma ya ploti yetu kulikuwa na mlango mdogo uliotokea njia ya kwenda kituo cha polisi. Angepita uani kwangu, angefika baada ya dakika tano. Niliijua sauti hiyo kama ninavyoijua ya ndugu yangu. Nilimziba mtoto mdogo mdomo kwa kiganja. Niliwaza kwamba waliokuwa wakichoma nyumba wakiona nimemfungulia, kesho watakuja kwangu. Nilisimama hivyo, mkono kwenye mdomo wa mtoto, nikahesabu matofali ya ukuta. Aligonga tena mara moja, kisha nikasikia buti za mpira zikiondoka.

Nyumba yake iliteketea siku hiyo. Baadaye nilisikia kwamba alizunguka kwa mto, akajificha kwenye matete, kisha akafika kwenye mahema ya waliohamishwa, na kutoka hapo akapelekwa mji mdogo wa Turbo. Nilimshukuru Mungu kwamba yu hai. Halafu nikakaa kimya juu ya jambo hilo kwa miaka mitatu.

Mtaa nao ulikaa kimya. Shule ilifunguliwa na darasa langu lilikuwa na madawati matupu ambayo hakuna mtoto aliyeyauliza. Tulisalimiana haraka haraka, tukipita. Jirani yangu wa chini aliweka kufuli kwenye kisima. Mtu mmoja, fundi seremala aliyekaa ploti chache kutoka kwetu, alizungushia seng'enge ile ploti ya mchimbaji, akapanda sukuma wiki. Alisema anaitunza tu isiote magugu. Hakuna aliyemwuliza anamtunzia nani.

Lakini maji hayakujua habari za siasa. Kila Aprili mvua kubwa ilipoanza, yaliteremka kutoka upande wa juu, yakaingia kwenye vyoo vya bondeni, yakavifurisha, na uchafu ukaelekea visimani. Mwaka wa tatu homa ya matumbo ililaza watoto tisa wa shule yetu. Ndipo tukasikia kuna mradi: mtaro mkubwa wa mawe, njia ya kupita kwa miguu kando yake, na mfereji wa maji ya bomba kwa wote.

Mkutano wa kwanza uliitwa katika ukumbi wa shule siku ya Jumamosi. Mhandisi aliyekuja alikuwa msichana, mwembamba, amevaa koti kubwa kuliko yeye. Alibandika ramani ukutani. Mtaro ulikuwa umechorwa mstari mmoja mnyoofu, kutoka juu hadi mtoni, kama uliopigwa kwa rula. Watu wakaiangalia. Mimi nafundisha ramani, lakini nilitafuta nyumba yangu pale nikaikosa. Mtaa mzima ulikuwa vijisanduku vya kijivu.

"Mnaionaje?" aliuliza.

Tulizoea mikutano ya kupiga makofi. Mwishowe mama mmoja mzee aliyeuza mboga kwenye kona ya shule akasema, "Binti yangu, hiyo si huku kwetu. Huku kwetu kuna njia za watu. Wewe umechora za ndege."

Nilidhani msichana atakasirika. Alitazama ramani yake kwa muda, kisha akaibandua, akaikunja. "Basi nichoreeni nyinyi," alisema. "Mwalimu, una chaki?"

Nilileta boksi zima. Tukasogeza madawati ukutani, na watu wazima wakapiga magoti kwenye sakafu ya simenti wakachora mtaa wao. Mwanzoni waliona haya, wanaume hasa. Kisha ubishi ukaanza. Huyu anasema kona ya kinu cha posho iko karibu na kanisa, yule anasema hapana, katikati kuna nyumba mbili. Wanawake walichora njia wanazopita alfajiri kwenda kusaga, na ikaonekana kwamba njia hizo zote zilikatwa na seng'enge na mabati yaliyowekwa baada ya vurugu. Wengine walikuwa wakizunguka karibu kilomita kufika mahali walipokuwa wakifika kwa hatua mia mbili. Hakuna aliyelaumu mwenzake. Chaki ililaumu yenyewe.

Tulikutana hivyo Jumamosi nne mfululizo. Nazikumbuka kama siku za sikukuu. Mtu aliyekuwa na viazi alileta viazi, mwingine maziwa, na mama wa mboga alichemsha chai kwenye sufuria ya shule. Msichana yule alikaa sakafuni nasi, magoti yake meupe kwa vumbi la chaki, akiuliza maswali yake. Watu ambao kwa miaka mitatu hawakupeana zaidi ya salamu sasa walikuwa wakigombana juu ya mahali hasa ulipokuwa mti fulani, na kugombana huko kulikuwa kutamu, kwa sababu ni wenyeji wa mahali pamoja tu wanaoweza kugombania mti ambao haupo tena.

Jumamosi ya nne akauliza swali jipya.

"Nahitaji kujua chini kuna nini. Mwamba uko wapi, maji yako kina gani, mashimo ya zamani yako wapi. Nikichimba mtaro juu ya choo cha zamani utadidimia. Nani anajua?"

Sote tulijua nani anajua. Niliwaona watu wakitazama chaki mikononi mwao. Seremala wa seng'enge alikuwa amesimama mlangoni, akachungulia nje kama mtu aliyeitwa. Na mimi nilinyamaza, nilivyonyamaza jikoni.

Mama wa mboga alikuwa akikoroga chai. Hakuinua kichwa.

"Si mumwite yule tuliyemfukuza," alisema.

Msichana alituangalia mmoja mmoja. "Yuko wapi?"

"Turbo," nilisema. Kumbe sauti yangu ilikuwepo. "Nitakwenda mimi."

Nilikwenda Jumanne ya likizo. Nilimpata nyuma ya maghala ya mahindi, katika chumba cha kupanga, amekaa juu ya jiwe anatengeneza mpini wa jembe. Alikuwa amezeeka kuliko miaka mitatu. Buti za mpira zilikuwa zilezile au ndugu zake. Aliponiona alisimama.

"Mwalimu," alisema. "Karibu. Watoto wako wanakua?"

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalipotea. Nilisimama pale malori yakipita barabara ya Webuye, nikasema, "Mzee, siku ile nilikuwa ndani."

"Najua mlikuwa ndani," alisema. "Moshi ulikuwa unatoka kwa jikoni."

Nililia. Sikutaka, kwa sababu ilikuwa kama ninamwomba anibembeleze, lakini nililia. Yeye aliketi tena kwenye jiwe lake, akaendelea kukwangua mpini kwa kipande cha chupa. Kisha akasema:

"Nilikaa kwa hiyo matete nikikukasirikia. Si wale walichoma. Wale siwajui. Wewe nilikuwa nakujua." Akakwangua. "Halafu nikafikiria watoto wako. Sijui kama nimekusamehe, Mwalimu. Siku zingine naona nimekusamehe. Umekuja kwa sababu ya nini?"

Nilimweleza. Mafuriko, homa ya matumbo, sakafu ya chaki, msichana mhandisi. Alisikiliza habari za msichana kwa makini zaidi. Nilipomwambia mtaro ulichorwa mnyoofu, alitoa sauti ya kucheka puani.

"Unyooke upite wapi? Juu ya mwamba wa kanisa?"

"Ndiyo hatujui, Mzee."

"Hamjui," alisema. Hakusema kwa ubaya. Aliinua mpini akautazama kwa jicho moja kama unanyooka. "Nitakuja siku moja. Nitaonyesha huyo msichana. Halafu narudi hapa."

Alikuja Jumamosi iliyofuata, kwa lori la mahindi lililokuwa likirudi tupu. Watu walikuwa wamejipanga nje ya ukumbi bila kuambiwa na mtu. Hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake. Jirani yangu wa chini, mwenye kisima, ndiye aliyetoka mbele akamsalimu, akashika mkono wake kwa mikono miwili na kukaa nao. Mchimbaji alimwuliza, "Kile kisima bado hakina chumvi?" Jioni hiyo kufuli ilitoka kisimani. Sikumwona akiitoa, ila kesho yake haikuwepo.

Mchimbaji hakuingia ukumbini. Alivua buti, akamwambia msichana, "Twende." Tukawafuata, labda watu sitini, polepole kama mazishi. Alitembea katikati ya mtaa na kuuchora kwa maneno. "Hapa futi kumi na mbili unapata maji. Hapa changarawe, nzuri, inameza maji. Hapa nilizika choo cha kwanza cha kanisa, usipite. Hapa mwamba, unaanza kwa huu ukuta mpaka kwa ule mti." Msichana alikuwa akiandika huku anakimbia. Palipokuwa na seng'enge alisimama tu, akasubiri, na mwenye seng'enge akaenda kuifungua. Njia tatu za zamani zilifunguliwa asubuhi ile kwa sababu mzee mmoja asiye na viatu alitaka kupita.

Tukafika bondeni. Msichana alikuwa anageuza daftari lake huku na huku, akitazama mteremko.

"Mzee," alisema, "kama mwamba uko pale, na vyoo viko pale, basi maji yanaweza kupita mahali pamoja tu."

"Nilijua tangu juu," alijibu.

Mahali penyewe palikuwa ploti yake. Mbele yetu kulikuwa na seng'enge ya seremala na safu za sukuma wiki, za kijani, zimestawi vizuri. Kwenye kona palibaki mawe ya msingi, meusi bado upande mmoja, na migomba miwili iliyochipuka upya. Alipita chini ya waya, akaenda akasimama kati ya mawe, pale palipokuwa chumba chake. Hatukumfuata. Alikaa humo muda ambao sisi wengine tulitazama vidole vya miguu yetu.

Msichana, kwa kuwa hakuwa wa hapa, ndiye aliyethubutu. "Mzee, unaweza kukubali mtaro upite kwako?"

"Wewe usiniulize," alimwambia kwa upole. "Wewe si wa hapa. Hawa waniulize. Wote, kwa mkutano. Siku ile hakuna mtu aliniuliza kama nataka kutoka."

Tulirudi ukumbini. Mwenyekiti wa mkutano alijaribu kuuliza kwa niaba ya wote, mchimbaji akatikisa kichwa. Basi tukasimama mmoja mmoja. Nakumbuka ilivyokuwa vigumu sentensi fupi kama ile. Mama wa mboga: "Baba, tunaomba utupatie njia ya maji." Jirani wa kisima. Wanaume ambao niliwahi kuwashuku na sikuwahi kujua ukweli wao. Ilipofika zamu yangu nilisema, "Mzee, ninaomba kwako njia," na nilipolisikia neno hilo nikaketi.

Seremala alikuwa wa mwisho. Alisema, "Ile shamba ni yako. Nilijua ni yako. Nitang'oa leo."

"Using'oe mboga," mchimbaji alisema. "Ng'oa waya. Mboga wakule watu."

Kisha akainuka, akavaa buti zake. Sote tulingoja jibu.

"Nimesikia," alisema. "Nitaenda nifikirie."

Akaenda Turbo. Alitungojesha wiki mbili. Wengine walinung'unika kwamba anaringa, mvua inakaribia. Mimi nilifurahi, sijui nieleze vipi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, mtaa ulikuwa unamngoja yeye, na yeye alikuwa na haki ya kukawia.

Aliporudi alikubali, kwa masharti yake. Mtaro upite ukingoni, usikate ploti katikati. Ploti iandikwe jina lake kwenye ramani, kwa wino, mbele ya watu. Na asimamie kuchimba mwenyewe. Msichana alipiga magoti sakafuni, akaandika jina kwenye karatasi, akampa alisome. Alilisoma kwa kidole, herufi moja moja, akasema liko sawa.

Miezi miwili ya kazi ile ilikuwa miezi mizuri sana kwangu. Vijana wa mtaa walichimba, na yeye alitembea juu ya ukingo na kamba yake ya mafundo. Aligombana na msichana karibu kila siku. Msichana alikuwa na chombo cha kupima mteremko. Yeye alikuwa na ndoo ya maji aliyoimwaga na kutazama inakokimbilia. Siku moja walitofautiana juu ya kina karibu na kanisa, wakapandishiana sauti hadi wanakwaya wakatoka nje. Wakachimba alivyotaka mzee. Aprili ilipofika, mvua ikapiga siku tano bila kupumua. Nilitoka na mwavuli, nikawakuta majirani nusu ya mtaa wamesimama kando ya mtaro wakitazama maji ya kahawia yakishuka kwa kishindo, yakikata kona ya kanisa, yakipita ukingoni mwa ile ploti hadi mtoni. Hapakuwa na la kuona, maji tu. Tulisimama hapo tukilowa, tukitazamana na kucheka kama watu waliotoka harusini. Mwaka huo hatukupata mgonjwa hata mmoja wa homa ya matumbo shuleni.

Tulidhani atarudi kuishi. Tulimwambia tutamjengea, mbao zilichangwa, seremala akajitolea kazi. Alishukuru, akakataa. "Nikilala pale nitasikia vitu," aliniambia. Mbao zilikaa ukumbini mwaka mzima, kisha binti yake, ambaye mume alikuwa amemwacha, akaja kutoka Nakuru na watoto, zikamjengea yeye. Yuko pale hadi leo. Anauza maandazi karibu na mfereji wa maji, na wajukuu wa mchimbaji nimewafundisha wote wawili.

Sasa nimestaafu. Pioneer imejaa magorofa, na pikipiki za boda boda zinapita usiku na mchana kwenye njia zile tulizozifungua. Mikutano ya ushirikishwaji wa wananchi bado iko, mingi kuliko zamani. Unapigiwa simu, unakuta viti vya plastiki na soda, unaona picha nzuri ukutani kwa mwanga wa mashine, unatia sahihi kwamba ulihudhuria, unarudi nyumbani. Mara nyingine natazama sakafu ya kumbi hizo, vigae vinavyong'aa, nikifikiria kwamba chaki haiwezi kushika pale.

Nilikwenda kumwona mwaka jana. Magoti yamekataa, anatembelea fimbo, lakini akili ni ileile. Tulikaa nje ya chumba chake, tukala mahindi ya kuchoma. Jambo la matete na la moshi hatujawahi kulirudia, na sijui kama limekwisha. Nimejifunza kuketi naye hivyohivyo. Aliuliza kuhusu binti yake, kuhusu mtaro, kuhusu mama wa mboga ambaye tulimzika. Nikamwambia kuna gorofa kubwa linajengwa upande wa juu wa kanisa, karibu na ule mwamba.

"Wamechimba msingi futi ngapi?"

"Sijui, Mzee."

"Hujui na unakaa hapo?" alisema, akanitazama kama mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani. "Enda uulize."

Jumatatu nilikwenda nikasimama kwenye lango la ujenzi na kofia yangu ya sufu. Msimamizi alidhani nimepotea. Nilimwuliza kina cha msingi na maji yao ya mvua yataelekea wapi. Alinitazama, akatazama viatu vyangu, kisha, pengine kwa sababu nilifanana na mwalimu wake wa zamani, akaninyooshea mkono na kusema, "Mama, kuja ndani nikuonyeshe." Tulizunguka shimo lote. Nilipofika nyumbani nilipiga simu Turbo nikamsomea vipimo vyote nilivyoandika nyuma ya kalenda. Alinifanya nirudie cha upande wa kanisa mara mbili, kisha akaniambia niwaambie waongeze futi nne.